Kulisha na Kulea: Neno Moja la Mtume Paulo



Katika Waraka kwa Waefeso liko neno moja la Kiyunani ambalo Mtume Paulo alilitumia mara mbili, na katika Agano Jipya lote halionekani tena mahali pengine po pote. Neno lenyewe ni *ektrepho*. Mara ya kwanza limo katika sura ya 5, mstari wa 29, Mtume anaponena habari za mtu na mwili wake, na habari za Kristo na Kanisa. Mara ya pili limo katika sura ya 6, mstari wa 4, anapowaagiza akina baba habari za watoto wao. Kati ya mahali hapa pawili iko mistari michache tu. Mtu aliyeusikia waraka huu ukisomwa kwa Kiyunani aliweza kutambua mara moja ya kuwa neno ni lile lile.

Sisi tusomao Biblia yetu ya Kiswahili tunakuta "huulisha" katika sura ya 5, na "waleeni" katika sura ya 6. Wafasiri hawakukosa, maana lugha yetu ina maneno mawili kwa mambo haya, na kila moja limewekwa panapolifaa. Wala si sisi peke yetu. Biblia ya Kilatini iliandika *nutrire* mahali pa kwanza na *educare* mahali pa pili, na kwa hilo la pili mataifa mengi ya Ulaya yalipata neno lao la elimu. Dokta Martin Luther naye, alipolitoa Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka wa 1522, aliandika maneno mawili. Hivyo neno moja la Mtume limegawanyika katika lugha nyingi: chakula upande huu, malezi upande ule.

Kugawanya maneno si dhambi. Lakini yaliyogawanywa katika usemi hugawanywa upesi nyumbani. Mtu mmoja husema, "Mimi kazi yangu ni kuwalisha, kuwalea ni kazi ya mama yao na ya shule." Mwingine humchukua mtoto wa ndugu yake aliyekufa, humpa ugali na mahali pa kulala, na majirani wote husema, "Anamlea." Basi swali ninalotaka tulifikiri pamoja ni hili: Je, yeye amlishaye mtoto amekwisha kumlea? Na kama sivyo, amepungukiwa na nini?

Kwanza na tulitazame neno lenyewe. Shina lake ni *trepho*, neno la zamani sana. Katika mashairi ya Homer, yaliyotungwa karne nyingi kabla ya Kristo, twaliona likitumika kwa habari ya maziwa. Jitu liitwalo Polyphemus, mchungaji wa kondoo na mbuzi, likiisha kukama huigandisha nusu ya maziwa yake, na kazi hiyo ya kugandisha yaitwa *trepho*. Wafugaji wa kwetu hawataona ajabu. Wao wajua ya kuwa maziwa yaliyotoka kukamwa sasa hivi hayana umbo, na mara humwagika. Lakini yakitiwa katika kibuyu na kuachwa mahali penye utulivu kwa muda wake, hushikana yakawa kitu kizito. Wayunani walilitumia neno lilo hilo kwa mtoto. Huja ulimwenguni hali yu laini, hawezi hata kukishika kichwa chake; na chakula, na joto la mama, na siku nyingi humshikamanisha hata awe mtu.

Mbele ya shina hilo pamewekwa *ek*, maana yake "kutoka", na tena "hata kwisha". Basi *ektrepho* ni kumlisha aliye dhaifu hata atoke katika udhaifu wake na kusimama kwa miguu yake. Chakula cha siku moja hakitoshi kuitwa hivyo. Neno hili lina miaka ndani yake. Tena, katika sura ya 5 Mtume ameweka kando yake neno lingine, *thalpo*, ambalo asili yake ni kutia joto. Katika Agano la Kale la Kiyunani, Kumbukumbu la Torati sura ya 22, neno hilo lamhusu ndege aliyewalalia makinda yake. Haya mawili ndiyo Mtume asemayo kwamba Kristo hulitendea Kanisa: hulilisha hata likue, na hulifunika lisipatwe na baridi.

Wafasiri wa Kiyahudi waliolitia Agano la Kale katika Kiyunani kabla ya kuzaliwa Bwana wetu walilitumia neno *ektrepho* mara nyingi. Katika Zaburi ya 23, pale tunaposoma habari za kuongozwa kwenye maji matulivu, wao waliandika neno hili, kana kwamba Daudi asema ya kuwa Mchungaji wake alimlea kando ya maji. Katika kitabu cha Yona, Mungu amwambia nabii ya kuwa ameuhurumia mmea ambao hakuutaabikia wala hakuukuza. Na huko kukuza ni *ektrepho*. Mungu ampimia Yona kwa taabu: ulihurumialo hukulilea wewe, nami je, nisiwahurumie hao wa Ninawi?

Lakini mahali panapotufundisha zaidi ni katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 12. Nabii Nathani amsimulia Daudi habari za watu wawili. Tajiri alikuwa na kondoo na ng'ombe wengi sana. Maskini alikuwa na mwana-kondoo mmoja tu, naye, asema msimulizi, alimlea. Neno ni lile lile. Na jinsi alivyomlea yaelezwa: mnyama yule alikua pamoja na watoto wake, akala katika chakula chake yeye mwenyewe, akanywa katika kikombe chake, akalala kifuani pake, akawa kama binti kwake. Angalieni, ndugu, ya kuwa neno hili halikutumika kwa makundi ya tajiri. Wanyama wale nao walikula, pengine walikula vizuri kuliko mwana-kondoo wa maskini. Walikuwa na malisho. Hawakuwa na mtu wa kuwapa sehemu ya kikombe chake.

Hata hivyo nisiseme zaidi ya neno lenyewe. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 45, Yusufu amwahidi baba yake ya kuwa atamlisha Misri miaka yote ya njaa, na neno ni *ektrepho*. Wala hakutaka malipo. Katika sura ya 47 Yusufu huyo huyo awalisha Wamisri kwa mkate mwaka ule, na neno ni hilo hilo. Lakini hapo walilipa mifugo yao yote, na mwaka uliofuata wakatoa mashamba yao na nafsi zao kuwa watumwa wa Farao. Basi neno peke yake halizuii bei. Mtu aweza kulishwa na kuhifadhiwa, na mwisho akajikuta amenunuliwa kwa chakula alichokila. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama tumelisha. Yatupasa kuuliza tumelisha kama nani, na kwa masharti gani.

Swali hilo lilikuwa kubwa katika siku za Mitume. Katika mchanga wa Misri, mahali paitwapo Oxyrhynchus, ilionekana barua iliyoandikwa mwaka wa 1 kabla ya Kristo, nayo ilichapwa na wataalamu mwaka wa 1904. Mtu jina lake Hilarion, aliyekuwa Aleksandria, amwandikia mkewe Alis aliyebaki nyumbani. Amsihi sana amtunze mtoto wao mdogo, na kuahidi ya kuwa akipata mshahara wake ataupeleka mara. Kisha asema habari za mimba ya mkewe: akizaa mtoto mume, amwache aishi, akiwa mke, amtupe. Barua ni moja, na mkono ni mmoja. Hilarion hakuwa mnyama. Alikuwa baba aliyempenda mtoto mmoja na kuamuru mwingine atupwe, na desturi za nchi hazikumshangaa. Sheria ya Kirumi nayo ilimpa baba uwezo wa kukubali au kukataa mtoto aliyezaliwa nyumbani mwake.

Watoto waliotupwa hawakufa wote. Wengine waliokotwa na watu, wakalishwa, wakakua. Mtoto wa namna hiyo aliitwa *threptos*, yaani "aliyelishwa" au "aliyelelewa", jina lililotoka katika shina lile lile la neno letu. Wako *threptos* waliopendwa kama wana, na majina yao yaonekana mpaka leo katika mawe ya makaburi ya Asia Ndogo. Lakini wengi waliokotwa kwa sababu mtoto aliyelishwa miaka kumi huwa mtumishi asiyelipwa. Mwanzoni mwa karne ya pili liwali wa Bithinia, jimbo la kaskazini mwa Asia Ndogo, jina lake Pliny, alimwandikia Kaisari Trajan akiuliza habari za watu hao: waliozaliwa huru, wakatupwa, wakaokotwa na kulelewa katika utumwa. Je, wakidai uhuru wao wapewe? Kaisari akajibu ya kuwa wasinyimwe, wala wasilazimishwe kuununua uhuru wao kwa kulipa gharama ya chakula walicholishwa.

Katika utawala wa Trajan huyu Wakristo waliadhibiwa kwa ajili ya jina la Kristo. Na Pliny huyu ndiye aliyewahukumu. Naye Kaisari mpagani aliweza kuona ya kuwa chakula hakimnunui mtoto. Yafaa sisi tuliobatizwa tuone hivyo angalau kama yeye, kisha tuone zaidi.

Zaidi yake ni hii, nayo ni kiini cha fundisho la Mtume. Paulo alitumia neno ambalo watu wa siku zake walilijua kwa namna zote hizi: kulea kwa upendo, na kulea kwa faida. Kisha akalifunga kwa kipimo kimoja. Katika sura ya 5 asema ya kuwa mtu hulisha mwili wake mwenyewe, na hakuna auchukiaye. Ndipo, baada ya mistari michache, awaambia akina baba wafanye neno lilo hilo kwa watoto. Basi kipimo cha kumlea mtoto ni jinsi utendavyo na mwili wako. Ni nani aliyewahi kuuandikia mwili wake deni? Ni nani auambiaye mkono wake, "Nimekulisha miaka 20, sasa nilipe"? Mtu huulisha mkono kwa sababu ni wake, na ukiumia, aumia yeye.

Sasa na tuingie katika nyumba zetu. Ni desturi njema ya wazee wetu ya kuwa yatima hakosi mahali. Mtoto akifiwa na wazazi, baba mdogo humchukua, au shangazi, au mjomba. Tena mtoto wa jamaa maskini huletwa mjini kukaa na jamaa mwenye mshahara ili asome. Desturi hii imeokoa wengi, na ni sifa yetu mbele ya mataifa. Lakini ndani yake imejificha dhambi ambayo hatuitaji kwa jina lake. Yuko mtoto aamkaye kabla ya wote na kulala baada ya wote. Watoto wa nyumbani wakienda shule, yeye hubaki kuchota maji na kumbeba mtoto mchanga. Wakila mezani, yeye hula jikoni kilichosalia. Nguo zake ni zile zilizokwisha kuchakaa kwa wengine. Na mgeni akiuliza, "Huyu ni nani?" hujibiwa, "Huyu tunamlea." Kwa Kiyunani cha Paulo neno hilo si kweli. Huyu analishwa tu. Ni *threptos* wa namna ile aliyoiuliza Pliny, naye hana liwali wa kumwandikia Kaisari.

Mtu aweza kuniambia, "Mchungaji, je, mtoto asifanye kazi? Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Na afanye kazi. Mtoto asiyezoezwa kazi hakulelewa, maana hatatoka katika udhaifu wake. Lakini jembe apewalo mwanao na jembe apewalo mtoto wa ndugu yako yawe sawa kwa uzito, na mwisho wa shamba wote wawili wakae mahali pamoja na kula sahani moja. Ukitaka kujua kama kazi ile ni malezi au ni utumwa, uliza ya kuwa itamfikisha wapi yeye mwenyewe. Kazi ya malezi humjenga aifanyaye. Kazi ya utumwa hujenga nyumba ya mwingine, na aifanyaye hubaki vile vile mwaka hata mwaka.

Mwingine atasema, "Je, mtoto aliyelelewa hana wajibu wa kurudisha?" Anao. Mtume, katika waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, afundisha ya kuwa watoto na wajukuu wajifunze kuwalipa wazazi wao. Wayunani wa zamani nao walikuwa na jina la marudisho hayo, *threptra*, yaani shukrani ya malezi. Na Homer ahesabu kuwa ni msiba mkubwa kijana akifa vitani kabla ya kuwarudishia wazazi wake. Lakini tuangalie Mtume asema na nani. Awaambia watoto walipe. Hawaambii wazazi watoze. Shukrani ikitoka moyoni mwa mtoto ni tunda la malezi. Ikidaiwa na mlezi kila siku, kwa masimango, hukauka kabla ya kuiva. Yeye amwambiaye yatima, "Kama si mimi ungalikufa," amekwisha kujilipa kwa neno hilo, na amelipwa vibaya.

Tena kuna kosa la upande wa pili, nalo huwapata watoto wetu wa kuzaa. Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, awakemea matajiri ya kuwa wameilisha mioyo yao kama kwa siku ya machinjo. Neno la Kiyunani hapo ni *trepho*. Basi liko lishe ambalo mwisho wake ni kisu. Ng'ombe wa kunenepeshwa hula majani mazuri, hanyimwi kitu, wala haonywi. Wala hakuna amfanyiaye hivyo kwa kumpenda. Baba aliye na mali, ampaye mwanawe kila kitu ila muda wake na onyo lake, na aone asije akamnenepesha. Ndiyo maana Mtume hakuliacha neno *ektrepho* peke yake, bali alilizungushia mambo mawili: *paideia*, yaani adabu na mafunzo ya mtoto, na *nouthesia*, yaani kuweka neno katika akili ya mtu. Na kabla ya haya mawili aliweka katazo: msiwachokoze.

Katazo hilo nalo lapimika kwa kipimo kile cha mwili. Mtu huunywesha mwili wake dawa chungu, huuamsha alfajiri, huukatalia pombe, lakini hauchokozi. Dokta Luther alisimulia mezani kwake ya kuwa mama yake alimpiga mara moja kwa ajili ya njugu moja tu, hata damu ikatoka. Na ya kuwa baba yake alimpiga hata yeye akamkimbia, ikambidi baba kufanya bidii ya kumvuta tena. Hakuwachukia wazazi wake; alijua walimtakia mema. Lakini alifundisha ya kuwa penye fimbo pawe na tofaa kando yake. Katika Katekismo Ndogo ya mwaka wa 1529 aliweka agizo hili la Waefeso katika orodha ya wajibu wa kila mtu nyumbani, ili kila baba alisome. Nasi tulilokariri tukiwa vijana wa kipaimara yafaa tulikariri tena tukiwa baba.

Angalieni pia ya kuwa Mtume alisema na akina baba. Mara nyingi twasema malezi ni kazi ya wanawake, na methali yetu yasema ya kuwa kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Nasi wanaume tumewaachia wanawake kazi zote mbili. Paulo amshika baba mkono na kumpa neno la maziwa na la joto. Wala hakumpa lile ambalo yeye mwenyewe alilikwepa. Katika waraka wa kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 2, ajilinganisha na mama mlezi awatunzaye watoto wake. Kwa Kiyunani *trophos*, neno la shina hili hili, tena pamoja nalo ni lile *thalpo* la kutia joto. Kisha katika mstari ufuatao asema ya kuwa alikuwa radhi kuwapa si Injili tu, bali na nafsi yake. Na baada ya hayo asema ya kuwa alifanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu. Huyu ni mlezi asiyetoza.

Hapo nanyi, walimu wa dini, mna sehemu yenu. Mwalimu aweza kuwa na darasa la watoto 40, akawapa maneno ya Katekismo kama mtu amwagavyo mahindi kwa kuku, naye asijue ni nani kati yao aliyekuja bila kula, wala ni nani aliyekoma kuja, wala kwa nini. Maneno yametolewa, na kitabu cha mahudhurio kimejazwa. Lakini Mtume amwambia Timotheo ya kuwa mhudumu mwema hulishwa kwa maneno ya imani, na neno lake laonyesha chakula kiingiacho ndani na kuwa sehemu ya mtu. Neno lisiloingia ndani ya mwalimu kwanza halitawashikamanisha watoto. Tena wadhamini wa ubatizo wakumbuke ya kuwa hawakuitwa kushika mtoto mbele ya madhabahu siku moja na kula karamu. Neno walilolitoa lina miaka ndani yake.

Mtu akiwa na mashaka ya kuwa yaweza kweli mtoto asiye wa damu yako kulelewa kama mwili wako, na aende Nazareti. Luka, katika sura ya 4, autaja mji ule kuwa ndio alipolelewa Bwana wetu, na neno lake ni la shina hili hili. Nani aliyemlea huko? Mariamu mama yake, na pamoja naye Yusufu seremala, aliyemchukua mtoto asiyemzaa, akaamka usiku kumkimbiza Misri, akamrudisha, akamfundisha kazi ya mikono yake. Injili hazitusimulii ya kuwa Yusufu aliishi kuona chakula chake kikirudi. Mwana wa Mungu alikubali kuwa mtoto wa kulelewa mezani pa mtu mwingine. Tangu siku ile kila mtoto wa kulelewa alaye katika nyumba ya Mkristo ana ndugu mkubwa, naye ndugu huyo ataketi siku ya mwisho na kuuliza habari za chakula. Katika Mathayo sura ya 25 wenye haki wamwuliza, ni lini walipomwona ana njaa wakamlisha. Na neno la kulisha hapo ni *trepho*.

Nasi sote tumelishwa na yeye. Katika Chakula cha Bwana hutupa mwili wake na damu yake, wala hatuandikii deni; na hilo ndilo tuliitalo neema. Yeye aliyelishwa bure na kuinuka mezani pa Bwana, kisha akarudi nyumbani kumhesabia yatima matonge yake, hakufahamu alichokila.

Basi nawaomba wazee wa kanisa jambo moja la kutenda. Mwezi huu mnapozitembelea nyumba za Wakristo, msiulize hesabu ya watoto wa kuzaa peke yake. Ulizeni ni watoto gani wengine wakaao humo, majina yao, kama wamebatizwa, kama wanasoma, na wanakula pamoja na nani. Fanyeni kwa upole, maana wengine walishao hivyo hawajui ya kuwa wamekosa, na wengine ni maskini wa kweli, nao wahitaji msaada kuliko kemeo. Maskini wa Nathani hakuwa na kitu ila kikombe kimoja, nacho kilitosha wawili.

Mungu Baba, ambaye Bwana wetu asema ya kuwa huwalisha ndege wa angani, awalishe na kuwalea watoto wote waliomo katika nyumba zetu, wa kuzaa na wa kupokea. Naye atupe sisi mikono isiyohesabu. Amina.